Kukatika pumzi usingizini: vyombo vya habari vinasema nini kuhusu mashine, upasuaji na sindano?

Ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini umekuwa habari ya mara kwa mara. Leo utasikia mtu maarufu amefariki, na mashine yake ya kupumulia imekutwa haijawashwa. Kesho utasikia mashine kama hizo zimeondolewa sokoni kwa hofu ya saratani. Keshokutwa utasoma juu ya kifaa kinachopandikizwa kifuani ili mgonjwa aachane na barakoa, au sindano ya kupunguza uzito inayosemwa kuwa imemaliza tatizo.

Nyingi ya habari hizi si uongo. Shida iko kwenye yale yanayoachwa: tiba ilijaribiwa kwa watu gani, ililinganishwa na nini, na waliotibiwa walibaki na ugonjwa kiasi gani. Anayesoma kichwa cha habari peke yake anaweza kuacha tiba inayomsaidia, au akatumia akiba yake yote kwa upasuaji usiomfaa.

Makala hii inapitia habari kubwa zilizotangazwa kuhusu tiba za ugonjwa huu na kueleza nini kilikuwa ndani yake.

Kwanza, huu ni ugonjwa gani?

Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa laini hubana hadi kuziba. Kifua kinajitahidi kuvuta hewa lakini hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, na mtu anagutuka kwa sekunde chache. Anakoroma kwa nguvu au anahema kama aliyepaliwa, kisha anarudi kulala. Asubuhi hakumbuki chochote, ila anaamka amechoka.

Madaktari huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 14 kwa saa huitwa ugonjwa mdogo, mara 15 hadi 29 wa wastani, na 30 au zaidi ni mkali. Shika namba hizi, kwa sababu bila kuzijua ni vigumu kuielewa habari yoyote ya tiba.

Unene wa mwili ni sababu kubwa, lakini si pekee. Taya dogo, mafindofindo makubwa, shingo nene, pombe usiku na umri mkubwa vinachangia pia. Watu wembamba wanaupata, na watoto wanaupata. Ugonjwa huu huambatana na shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo, kiharusi na kisukari.

Mwaka 2019 jarida la Lancet Respiratory Medicine lilichapisha makadirio kwamba watu wazima milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili. Namba hiyo ilienea kwenye magazeti mengi. Kilichotajwa kwa nadra ni kwamba ndani yake wamo wengi wenye ugonjwa mdogo. Wenye ugonjwa wa wastani au mkali walikadiriwa kuwa milioni 425. Bado ni wengi mno, lakini si kila mmoja wa wale milioni 936 anahitaji mashine au kisu.

Mtu maarufu anapofariki

Februari 2016, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, Antonin Scalia, alifariki usingizini akiwa na umri wa miaka 79. Barua ya daktari wake ilitaja magonjwa kadhaa, likiwemo la kukatika pumzi usingizini. Taarifa ya polisi wa eneo hilo ilieleza kwamba mashine ya kupumulia ilikuwa kando ya kitanda na haikuwa imewashwa. Habari nyingi zikaunganisha mambo hayo mawili: hakuvaa mashine, akafa. Lakini mwili wake haukufanyiwa uchunguzi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha hilo.

Desemba mwaka huohuo mwigizaji Carrie Fisher alifariki akiwa na miaka 60. Mchunguzi wa vifo wa Los Angeles alitaja kukatika pumzi usingizini pamoja na mambo mengine ambayo hayakuweza kubainishwa. Alitaja pia ugonjwa wa mishipa ya moyo na matumizi ya dawa za kulevya. Vichwa vingi vya habari vilichukua jambo la kwanza na kuyaacha mengine nyuma.

Habari za aina hii zina faida. Watu huanza kuulizana nyumbani, na wapo wanaokwenda kupimwa. Lakini zinajenga picha kwamba ugonjwa huu unaua ghafla usiku mmoja, na kwamba mashine ni kama kamba ya uhai ambayo ukiisahau mara moja umekwisha. Kwa wagonjwa wengi haiko hivyo. Madhara yake makubwa huja polepole kwa miaka, kupitia presha, moyo na ubongo, na kwa ajali zinazosababishwa na usingizi wa mchana. Kukosa mashine usiku mmoja kwa sababu ya safari au umeme kukatika kwa kawaida si hukumu ya kifo. Kuiacha kwa miezi ndilo jambo la kuogopa.

Upo pia mtazamo wa kinyume, wa mashine kuwa kitu cha kuchekwa. Juni 2023 waandishi waliona alama za mikanda usoni mwa Rais Joe Biden, na Ikulu ya Marekani ikathibitisha kwamba alikuwa ametumia mashine hiyo usiku uliotangulia. Sehemu ya mjadala uliofuata ikawa juu ya uzee wake. Katika filamu na vichekesho, mtu aliyevaa barakoa kitandani huwa ni mzee au mtu mnene wa kuchekesha. Mgonjwa mwenye miaka 38 anayeambiwa leo kwamba anahitaji mashine ameshabeba picha hiyo kichwani. Wengi huona aibu mbele ya mwenzi wao, na aibu ni moja ya sababu za mashine kuishia chini ya kitanda.

Mashine inasaidia au haisaidii?

Mashine ya kusukuma hewa, ambayo hospitalini huitwa CPAP, ilibuniwa na Daktari Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney, Australia. Matokeo ya wagonjwa watano wa kwanza yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa tundu kwenye koo ili apumue. Mashine haitoi oksijeni kama wengi wanavyodhani. Inavuta hewa ya kawaida chumbani, inaisukuma kwa nguvu kidogo kupitia mpira na barakoa, na msukumo huo unalizuia koo lisijifunge.

Mwaka 2016 utafiti mkubwa uliopewa jina la SAVE ulichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Uliwahusisha watu 2,717 katika nchi kadhaa, wote wakiwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. Nusu walipewa mashine pamoja na matibabu yao ya kawaida, na nusu matibabu ya kawaida peke yake. Baada ya wastani wa miaka 3.7, idadi ya waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kinachotokana na moyo haikutofautiana kwa kiwango cha maana.

Habari ikatoka: mashine haizuii ugonjwa wa moyo. Ni kweli kwamba utafiti huo haukuonyesha inazuia. Lakini yapo mambo matatu ambayo msomaji alipaswa kuambiwa palepale:

- Waliopewa mashine waliitumia kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, chini ya nusu ya usingizi wa kawaida.
- Watu wenye usingizi mkali sana wa mchana hawakuingizwa kwenye utafiti, ingawa hao ndio hunufaika zaidi.
- Waliotumia mashine walipungukiwa na kukoroma na usingizi wa mchana, na hali yao ya maisha na ya moyoni ikawa bora.

Kwa hiyo, mtu anayesinzia kwenye usukani ana sababu nzuri ya kutumia mashine hata baada ya utafiti huo. Asichopaswa kuahidiwa ni kwamba itamkinga moja kwa moja na mshtuko wa moyo. Dawa zake za presha aendelee nazo.

Mashine zilizoondolewa sokoni

Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziita zirudi mamilioni ya mashine za kupumulia. Ndani yake kulikuwa na sponji ya kupunguza kelele, ambayo ingeweza kuchakaa na kutoa chembechembe na kemikali kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Mashine zilizohusika zilikuwa zimeuzwa tangu mwaka 2009.

Hapa vyombo vya habari vilifanya kazi ambayo wengine hawakuifanya. Mwaka 2023 waandishi wa ProPublica na gazeti la Pittsburgh Post-Gazette walieleza kwamba kampuni ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 3,700 kuhusu sponji hiyo kwa miaka 11 bila kuyawasilisha kwa mamlaka kama inavyotakiwa. Kampuni ilijitetea kwamba malalamiko yalikuwa machache na yalishughulikiwa moja baada ya jingine. Aprili 2024 ilikubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza kesi za madhara ya kiafya nchini Marekani, bila kukiri kosa. Mgonjwa alikuwa na haki ya kuyajua haya yote.

Lakini namba moja ilizunguka bila maelezo yake. Mwanzoni mwa 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilieleza kwamba imepokea ripoti zaidi ya 116,000 kuhusu mashine hizo, na kati yake ripoti 561 zilitaja vifo. Kwenye mitandao ikawa "mashine zimeua watu 561". Ripoti ya aina hiyo inaweza kutumwa na hospitali, kampuni, mgonjwa au ndugu yake. Inasema mtu alikuwa na mashine na amefariki, na kwamba mtoa taarifa anahisi vina uhusiano. FDA yenyewe husema ripoti hizo peke yake hazithibitishi chanzo. Tafiti za Kanada na Ufaransa zilizowafuatilia maelfu ya watumiaji hazikuona saratani nyingi zaidi kwa waliotumia mashine hizo kuliko kwa waliotumia za kampuni nyingine. Hilo halifuti kosa la sponji, ila linapunguza hofu.

Gharama ya hofu ni mgonjwa anayefunga mashine yake sandukuni, harudi hospitali kuomba mbadala, na anaanza tena kusinzia akiendesha gari.

Jambo hili linatuhusu pia sisi tulio mbali na kesi hizo. Ukinunua mashine iliyokwisha kutumika, au ndugu aliye Ulaya au Marekani akikuletea, usiivae kabla ya kufanya mambo mawili. Angalia aina na namba yake ili kujua kama imo kwenye orodha ya zilizorudishwa. Kisha mpelekee daktari au fundi wa vifaa tiba aipange kwa kiwango chako, maana msukumo uliomfaa mwenye mashine wa kwanza si lazima ukufae wewe. Barakoa na mpira viwe vipya.

Upasuaji: ni upi, na kwa nani?

Neno "upasuaji" kwenye habari hufunika mambo mengi tofauti. Tuyatenganishe.

*Watoto.* Mtoto anayekoroma kila usiku na pumzi kukatika mara nyingi ana mafindofindo makubwa au nyama za pua. Kwake, kuyaondoa ni moja ya tiba kuu. Utafiti uliochapishwa 2013 nchini Marekani uliwahusisha watoto 464 wa miaka 5 hadi 9. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji mapema, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri chini ya uangalizi. Tabia na hali ya maisha viliboreka zaidi kwa waliopasuliwa, ingawa kipimo cha umakini, ambacho ndicho kilikuwa swali kuu la utafiti, hakikuonyesha tofauti. Namba ya waliosubiri ni habari pia: kwa mtoto mwenye ugonjwa mdogo, daktari anayesema "tusubiri kidogo tumwangalie" si lazima awe mzembe.

*Koo la mtu mzima.* Upasuaji wa kupunguza kaakaa laini, kuondoa mafindofindo na kurekebisha kimeo umekuwepo tangu miaka ya 1980. Kwa miaka mingi ulifanywa kwa watu wengi bila kuchagua nani unamfaa, na takriban nusu tu ndio walipata nafuu ya kutosha. Siku hizi huchaguliwa kwa uangalifu zaidi. Utafiti wa Australia wa mwaka 2020 ulichukua watu 102 walioshindwa kutumia mashine. Nusu walifanyiwa upasuaji wa kaakaa na ulimi. Baada ya miezi sita, pumzi yao ilikuwa inakatika mara 21 hivi kwa saa, kutoka mara 48. Wasiopasuliwa walishuka kutoka 45 hadi 35 hivi. Usingizi wa mchana ulipungua sana kwa waliopasuliwa.

Rudi kwenye namba zetu za mwanzo. Mara 21 kwa saa bado ni ugonjwa wa wastani. Kwa mtu ambaye mashine imemshinda kabisa, kutoka 48 hadi 21 ni faida kubwa. Kwa aliyeahidiwa kwamba "utapona", ni kuvunjwa moyo, baada ya nusu kaputi na majuma ya koo kuuma.

Tusichanganye upasuaji huu na kukata kimeo kwa njia za kienyeji, jambo linalofahamika sana Tanzania na kwingineko Afrika, hasa kwa watoto wanaokohoa. Kukata kimeo mtaani hakutibu kukatika pumzi usingizini, na kumewaletea watoto kutoka damu nyingi, maambukizi na hata kifo.

*Kifaa cha kuamsha ulimi.* Hiki kimetangazwa sana kwenye televisheni za Marekani tangu FDA ilipokiidhinisha mwaka 2014. Hupandikizwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake hufika kwenye mshipa wa fahamu unaoendesha ulimi. Mtu akilala, kifaa kinausukuma ulimi mbele kila anapovuta pumzi. Matangazo hukazia kwamba hakuna barakoa wala mpira.

Katika utafiti uliokiwezesha kuidhinishwa, watu 929 walichunguzwa na 126 tu ndio waliopandikizwa. Wengine waliachwa kwa sababu mbalimbali, kama vile uzito uliozidi kiwango au namna koo lao linavyojifunga. Kwa wale 126, kipimo cha katikati kilishuka kutoka mara 29 hadi 9 kwa saa baada ya mwaka mmoja. Hayo ni matokeo mazuri. Lakini takriban theluthi moja hawakufikia kiwango kilichowekwa cha mafanikio, na wote walikuwa wameshindwa kutumia mashine kwanza. Tangazo la nusu dakika haliwezi kumweleza mtazamaji kwamba huenda yumo kati ya wale walioachwa.

Sindano ya kupunguza uzito

Tarehe 20 Desemba 2024 FDA iliidhinisha tirzepatide, inayouzwa kwa jina la Zepbound, kwa watu wazima wenye unene uliokithiri na ugonjwa wa kukatika pumzi wa wastani au mkali. Ilikuwa dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ugonjwa huu, na habari zake zilienea dunia nzima kwa siku chache.

Utafiti wake uliwahusisha watu 469 kwa wiki 52 na ulifadhiliwa na kampuni inayotengeneza dawa hiyo, Eli Lilly. Mwanzoni pumzi zao zilikatika mara 50 hivi kwa saa. Waliopata dawa walipungukiwa na mara 25 hadi 29 kwa wastani, na waliopata sindano isiyo na dawa mara 5 hivi. Kati ya asilimia 42 na 50 ya waliotumia dawa walifikia hali ambayo ugonjwa umekwisha au umebaki mdogo usio na dalili.

Fanya hesabu mwenyewe. Ukitoa 25 au 29 kwenye 50, unabaki na zaidi ya 20. Yaani kwa wastani mgonjwa alitoka kwenye ugonjwa mkali akaingia wa wastani, na nusu au zaidi kidogo bado walihitaji tiba nyingine. Dawa hiyo inafanya kazi hasa kwa kupunguza uzito, kwa hiyo haina maana kwa mgonjwa mwembamba mwenye taya dogo. Na uzito ukirudi baada ya kuacha sindano, ugonjwa unaweza kurudi nao.

Maneno "sindano imechukua nafasi ya mashine" hayakutokana na utafiti huo. Hata kundi moja la washiriki walikuwa watumiaji wa mashine waliopewa sindano juu yake.

Plasta mdomoni na mengine ya mtandaoni

Kwenye simu zetu kuna video nyingi zinazofundisha kufunga mdomo kwa plasta wakati wa kulala ili kuacha kukoroma. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2025 katika jarida la PLOS ONE yalipata tafiti 10 tu zenye jumla ya watu 213, na yalionya kwamba kwa mtu ambaye pua imeziba, kufunga mdomo kunaweza kumkosesha hewa. Ikiwa pumzi yako inakatika usiku, usifunge mdomo wako kwa plasta. Usimfunge mtoto kabisa.

Kinachozungumzwa kidogo

Ukizipanga habari hizi pamoja utaona kwamba kila moja imefuata kitu kipya: kifo kipya, kifaa kipya, dawa mpya, kashfa mpya. Yanayomsaidia mgonjwa wa kawaida hayana upya, kwa hiyo hayaandikwi.

La kwanza ni kupimwa. Desemba 2013 treni ilipinduka New York na kuua watu wanne. Uchunguzi ulionyesha dereva alikuwa amesinzia, na kwamba alikuwa na ugonjwa mkali wa kukatika pumzi ambao haukuwa umegunduliwa. Serikali ya Marekani baadaye ilianza mchakato wa kanuni ya kuwapima madereva wa treni na malori, kisha mwaka 2017 ikauondoa. Ajali ilikuwa habari kubwa, na kuondolewa kwa kanuni kukawa habari ndogo.

La pili ni kumsaidia mtu azoee mashine. Wengi huiacha katika wiki za mwanzo kwa sababu ndogo zinazotatulika: barakoa haimkai vizuri, hewa inavuja machoni, koo linakauka, msukumo ni mkali mno. Kubadilisha barakoa au kuongeza chombo cha unyevu kunaweza kuokoa tiba nzima.

La tatu ni hatua za kawaida: kupunguza uzito kwa anayehitaji, kuacha pombe jioni, kulala ubavu, na kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno ili kuvuta taya mbele. Kwa ugonjwa mdogo au wa wastani, hizi zinaweza kutosha kwa baadhi ya watu.

Ukisoma habari ya tiba mpya, jiulize

1. Ilijaribiwa kwa nani? Wana umri, uzito na ukali wa ugonjwa kama wangu?
2. Ililinganishwa na nini? Na mashine, na tiba bandia, au haikulinganishwa na kitu?
3. Walibaki na mara ngapi kwa saa? "Imepungua kwa nusu" kutoka 60 ni 30, na 30 bado ni ugonjwa mkali.
4. Walifuatiliwa kwa muda gani, na nini hutokea wakiacha?
5. Nani amelipia utafiti au tangazo?

Wakati wa kumwona daktari

Nenda kituo cha afya ikiwa wewe au unayelala naye mmeona haya:

- Kukoroma kwa nguvu karibu kila usiku, kukifuatiwa na kimya kisha kugutuka
- Kuamka umepaliwa au na kichwa kinauma asubuhi
- Kusinzia mchana, hasa ukiwa kazini, kanisani, msikitini au kwenye usukani
- Presha isiyoshuka hata kwa dawa kadhaa
- Kwa mtoto: kukoroma kila usiku, kulala mdomo wazi, kukojoa kitandani kulikorudi upya, au utundu na kutotulia darasani

Ukiweza, mwombe mtu wa nyumbani akurekodi kwa simu ukiwa umelala, umwonyeshe daktari. Rekodi hiyo si kipimo, lakini humsaidia kuamua kama upelekwe kwenye kipimo cha usingizi au kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kama unaendesha gari, bodaboda au mashine kazini na unasinzia, pumzika kuendesha hadi utakapopimwa na kutibiwa.

Na kama tayari unatumia mashine, ukasikia habari inayokutia hofu, usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Andika jina na namba ya mashine yako, mpigie daktari au kliniki iliyokuanzishia, na uulize: hii inanihusu, na kama inanihusu, nitumie nini badala yake kuanzia usiku wa leo?